Chura Siwema na Jumba la Dimbwini

Ngano hii kwetu aliisimulia kwanza shangazi yetu Tausi Mkude, mwaka 1998, masika yakielekea kwisha, nyumbani kwake Morogoro. Siku hiyo alikuwa ametoka mahakamani, yeye na majirani zake, walikokwenda kupinga ghala lililokuwa likijengwa katikati ya bonde la mtaa wao. Kesi ilikuwa imeahirishwa. Alivua viatu, akaosha matope miguuni, akaketi mkekani na kuanza kuchambua mchele. Waliokuwepo ni binti yake Hamida, wapwa zake, na jirani yake Mzee Kunambi, aliyeingia kujikinga mvua. Habari za mahakamani hakuzitaja hata neno. Alisema tu:

"Jamani, nimekuja na mzigo."

"Tukutue!"

"Mzito."

"Tuko wengi!"

"Umejaa uongo."

"Mwaga hapa, tutauchambua pamoja na mchele!"

Basi akaumwaga, na umeandikwa hapa kama alivyoumwaga.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mji, na mji ukawa na mitaa, na mitaa ikawa na kelele, palikuwa na mahali palipoitwa Dimbwi la Matete. Palikuwa katikati ya mji, lakini ukisimama ukingoni mwake huusikii mji. Wakati wa masika dimbwi lilijaa, likawa kama jicho kubwa linalotazama mawingu yakipita. Wakati wa kiangazi lilijifunika majani makavu, likalala. Na wote waliokuwa wakiishi ndani yake wakalala nalo.

Chini kabisa, kwenye tope, alilala chura mmoja mdogo jina lake Siwema. Ukimweka juu ya kifuniko cha chungu, anabakiwa na nafasi ya kugeuka. Kila kiangazi Siwema alijifukia topeni, akafumba macho, akaota. Aliota ndoto ileile: yumo ndani ya tone la mvua, na tone linashuka, polepole, polepole, wala halifiki chini. Ndoto hiyo ilimtosha mpaka mvua ya kweli ije kumwamsha, naye apande juu, atage mayai yake kwenye matete, kama alivyofanya mama yake.

Kiangazi kimoja ndoto ilipasuka.

Ti! Ti! Ti!

Siwema akafumbua jicho moja. Tope lilikuwa likitetemeka.

Ti! Ti! Ti!

Akafumbua la pili. Akachimba kwenda juu, akachimba, akachimba, akatoa kichwa kwenye jua kali. Mbele yake mchwa walikuwa wamejipanga mistari na mistari, kila mmoja na tonge lake la udongo mdomoni, na juu ya mchwa, kama mlima uliopotea njia, alikuwa amesimama Bwana Kifaru.

Bwana Kifaru alikuwa na nguvu, na alikuwa na nyumba. Nyumba mlimani, anayo. Nyumba sokoni, anayo. Nyumba ya kupangisha nyani, anayo. Lakini macho yake hayakuona mbali. Kitu kikiwa karibu na pua yake alisema, "Hiki changu." Kikiwa mbali kidogo alisema, "Hakipo."

"Hodi, Bwana Kifaru," Siwema akasema.

"Nani huyo? Sauti inatoka wapi?"

"Chini ya ukwato wako, bwana. Ukiusogeza kidogo nitashukuru."

"Aa, kichura! Unataka nini?"

"Nataka kujua unajenga nini."

"Ghorofa."

"Hapa?"

"Hapa."

"Lakini hapa ni dimbwini, bwana."

Kifaru akainamisha kichwa, akainusa ardhi, fuu! fuu! Vumbi likapanda.

"Dimbwi liko wapi? Mimi naona vumbi."

"Maji yamelala."

"Yamelala!" Kifaru akacheka mpaka mikunjo ya shingo yake ikacheza. "Mchwa, mmemsikia bibi huyu? Maji yamelala! Basi na wewe nenda kalale nayo. Tangazo lilibandikwa. Mwenye pingamizi alitakiwa aseme."

"Lilibandikwa wapi?"

"Juu ya mkuyu."

"Juu wapi?"

"Juu kabisa. Twiga alilisoma, akasema hana pingamizi."

Ti! Ti! Ti! Mchwa wakaendelea. Siwema akatazama matete yaliyokwisha kung'olewa na kulazwa kando. Kwenye mashina ya matete hayo ndiko walikotagia mama yake na bibi yake, na yeye mwenyewe mayai ya mwaka ule alikuwa nayo tumboni, yakingoja mvua. Mvua ikija na matete hayapo, atayaweka wapi?

Akasema moyoni, "Nitakwenda mahakamani."

Sasa, sikilizeni. Mahakama ya mji ule ilikuwa na hakimu mmoja tu, naye alikuwa Korongo. Miguu mirefu, mdomo mrefu, maneno machache. Na chakula chake Korongo ni nini, jamani?

"Vyura!"

Ndiyo, vyura. Mama yake Siwema alimezwa na Korongo huyohuyo, asubuhi moja ya ukungu, bila kesi yoyote. Siwema aliyajua hayo vizuri. Alikwenda akiruka, tupu, tupu, tupu, na kila alipotua magoti yalimwambia arudi. Lakini alikuwa amewahi kusikia kwamba mahakama ile ina sheria moja ambayo hata Korongo hawezi kuivunja, na sheria hiyo ndiyo aliyoiwekea roho yake yote.

Alipofika alimkuta Korongo juu ya kichuguu, na pembeni yake Kasuku, karani. Mahakama ile haikuandika kitu. Kila kilichosemwa Kasuku alikimeza, na kikihitajika alikitoa vilevile kilivyoingia.

"Krrr!" Kasuku akalia. "Mahakama imekaa! Midomo ifungwe! Anayesikilizwa haliwi!"

Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Kesi ikishafunguliwa, mpaka ifungwe, mwenye kesi haliwi. Korongo akamtazama Siwema kwa jicho la kulia, halafu kwa jicho la kushoto, akameza mate.

"Mlalamikaji, sema."

"Mheshimiwa, Bwana Kifaru anajenga dimbwini."

"Dimbwi ni lako?"

"Si langu, mheshimiwa."

"Una shamba pale? Una nyumba pale? Amekukanyaga?"

"Alinikanyaga, lakini sikuja kwa hilo. Dimbwi si langu, wala si lake. Lingekuwa langu ningemwendea na matusi, tukamalizana hukohuko. Nimekuja hapa kwa kuwa ni la kila anayekunywa, na kila anayekunywa yuko kazini, hana nafasi ya kuja."

"Nani hao wanaokunywa?"

"Swala hunywa. Nyani hunywa. Hata wewe, mheshimiwa, wakati wa masika huja pale kula samaki."

Korongo akageuza shingo kuelekea dimbwini. Samaki wa dimbwini aliwakumbuka vizuri. Akasema, "Kesi ya namna hii sijawahi kuiona. Mwenye kudai si mwenye mali. Lakini nitaisikiliza."

"Basi, mheshimiwa, naomba zuio. Ujenzi usimame kwanza."

Bwana Kifaru, aliyekuwa amekwisha kuitwa, akakohoa. "Mheshimiwa, sikujua kama leo kuna mambo mazito hivi. Naomba ahirisho, nijiandae."

"Na jengo lenyewe liko wapi?" Korongo akauliza.

"Bado ni msingi tu," Kifaru akajibu.

"Msingi tu? Jengo halijasimama, sasa nizuie nini? Inaahirishwa."

"Krrr! Inaahirishwa!" Kasuku akameza.

Siwema akarudi dimbwini. Ti! Ti! Ti! Kuta zikapanda. Siku ya kesi akaenda, tupu, tupu, tupu.

"Mheshimiwa," Kifaru akasema, "naumwa pembe. Naomba ahirisho."

"Krrr! Inaahirishwa!"

Akarudi. Ti! Ti! Ti! Ghorofa ya kwanza ikakaa. Siku ya kesi akaenda, tupu, tupu, tupu.

"Mheshimiwa, shahidi wangu amesafiri. Naomba ahirisho."

"Mheshimiwa," Siwema akalia, "jengo linapanda kila tunapoahirisha! Naomba zuio!"

"Limefika wapi?"

"Limeshasimama, mheshimiwa," Kifaru akasema kwa unyenyekevu.

"Kama limeshasimama, nizuie nini? Inaahirishwa."

Njiani Kifaru alimpita Siwema akitembea kwa maringo. "Bibi wewe," akamwambia, "kesi yako ikija kusikilizwa nitakuwa nimeshapangisha. Jitafutie chungu cha maji, utagie humo."

Siku hiyo Siwema hakurudi topeni. Alijilaza chini ya jani, tumbo likigusa ardhi, akalia kimyakimya mpaka alipochoka. Na alipochoka akasikia kitu. Kutoka mbali upande wa milimani ulikuwa ukija upepo wenye harufu ya majani yaliyoloa. Na chini ya tumbo lake, chini ya vumbi, chini ya msingi wa jumba, maji yalikuwa yamevuta pumzi, yakajigeuza ubavu, kama mtu anayekaribia kuamka.

Siwema akaacha kulia. Akaimba, taratibu, asije akayashtua:

"Kwaa, kwaa, maji yamelala,
Kwaa, kwaa, yameota nini?
Kwaa, kwaa, yameota mlango,
Kwaa, kwaa, nani aliufunga?"

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine mahakamani.

"Mheshimiwa, nimepata msiba wa mjomba," Kifaru akasema. "Naomba ahirisho."

"Mlalamikaji asemaje?"

"Sina pingamizi, mheshimiwa. Pole, Bwana Kifaru."

"Mheshimiwa, msiba wa mjomba haujaisha. Naomba ahirisho."

"Sina pingamizi. Msiba hauharakishwi."

"Mheshimiwa, leo jua kali. Naomba ahirisho."

"Sina pingamizi. Hata mimi naliona, ingawa naona pia kiwingu kule."

Kifaru akatazama kule. Kule kulikuwa mbali na pua yake. "Kiwingu hakipo," akasema.

Hatimaye jumba likaisha. Lilikuwa kubwa, la udongo mwekundu uliosuguliwa ukang'aa, na ukumbi wa chini ambamo tembo angeweza kugeuka bila kugusa ukuta. Sasa Kifaru hakutaka ahirisho tena. Alitaka kesi ifungwe, apangishe.

"Mheshimiwa, niko tayari. Isikilizwe leo."

"Mimi nami niko tayari," Siwema akasema, "ila nina ombi dogo. Kichuguu hiki kina upepo, na mheshimiwa miguu yake ni mirefu, inashika baridi. Bwana Kifaru ana ukumbi mzuri kuliko yote mjini. Kwa nini tusisikilizwe humo? Kama kuna dimbwi, mahakama italiona. Kama hakuna, mahakama itakuwa imekaa mahali pa heshima."

Kifaru akavimba kwa furaha. "Hilo ni neno la kwanza la akili kutoka kwako! Karibuni! Nitatandika majani laini."

"Ila Bwana Kifaru aseme mbele ya karani," Siwema akaendelea, "kwamba pale ni pakavu. Mahakama isije ikaketi mahali pa wasiwasi."

"Pakavu!" Kifaru akanguruma. "Pakavu tangu enzi za babu yangu! Siku nikisema kwa mdomo wangu kwamba pale pana maji, jumba na livunjwe na bonde liachwe kama lilivyokuwa!"

"Krrr!" Kasuku akameza yote.

Siku ya kesi wakaingia ukumbini. Asubuhi hiyo, kuta zote zilikuwa zikitoa moshi, lakini haukuwa moshi. Mchwa, mafundi wa Bwana Kifaru, walikuwa wameota mbawa. Walitoka kwenye nyufa wakiwa kumbikumbi, maelfu kwa maelfu, wakapaa juu kwa juu, mbawa zao ziking'aa kwenye mwanga wa kijivu kama vumbi la fedha linalorudi mbinguni.

"Bwana Kifaru," Siwema akauliza, "mafundi wako wanakwenda wapi?"

"Wamemaliza kazi. Wanakwenda likizo."

"Krrr! Mahakama imekaa! Midomo ifungwe! Anayesikilizwa haliwi!"

Nje, tone la kwanza likaanguka. Siwema akalitambua. Lilikuwa lile la ndotoni, na safari hii lilifika chini. Ta. Likafuatwa na mwenzake. Ta, ta. Halafu mbingu yote ikajimwaga, shwaaa! na sauti ya mji ikazimika kabisa, kama zamani.

Sakafu ikalowa. Ikatoa mapovu, blu, blu. Matete yaliyozikwa chini ya msingi yakaanza kunukia. Korongo akainua mguu mmoja, kama ilivyo kawaida ya korongo, akabaki ametulia juu ya mwingine. Kasuku akapanda kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Siwema akaelea. Kifaru peke yake alikuwa amesimama kwa uzito wake wote, miguu ikididimia.

"Bwana Kifaru," Siwema akauliza kwa adabu, "hiki kinachokufika magotini ni nini?"

Kifaru akafungua mdomo. Akakumbuka maneno yake aliyoyameza Kasuku. Akaufunga. Akafungua tena.

"Ni ubaridi."

"Sawa. Na hiki kilichofika tumboni?"

"Ni jasho. Nimefanya kazi sana."

"Pole. Na hiki kilichofika shingoni?"

"Ni... ni umande."

"Umande wenye samaki?" Korongo akauliza, kwa kuwa samaki alikuwa ameshapita mbele yake.

"Umande wa aina yake, mheshimiwa!"

Kuta za udongo zilikuwa zikiyeyuka kama sukari. Ghorofa ya juu ikaguna, krrruuu. Umande ukafika kidevuni. Ukafika mdomoni. Ukaingia puani. Hapo Bwana Kifaru akasahau babu, akasahau wapangaji, akasahau kila kitu isipokuwa pua yake.

"MAJI!" akapiga kelele. "Jamani, maji! Niokoeni, maji!"

"Kasuku," Korongo akasema, "mlalamikiwa amesema nini?"

"Krrr! Maji! Jamani, maji! Niokoeni, maji!"

"Mahakama imesikia. Na imelowa."

Kifaru hakungoja. Aliinamisha pembe, akaupiga ukuta wake mwenyewe, gubu! akatoka upande wa pili, na jumba zima likashuka nyuma yake taratibu, bila hata kishindo, likarudi kuwa tope. Alikimbia mpaka mlimani bila kugeuka nyuma. Na hata angegeuka asingeona.

Mvua ikapungua. Pale palipokuwa na ukumbi palikuwa na maji mapana, yametulia, yanatazama mawingu. Korongo alikuwa bado amesimama katikati, na mbele ya mdomo wake alielea Siwema.

"Mlalamikaji," Korongo akasema, "umeshinda. Nasoma hukumu sasa hivi."

Lakini alisema hayo kwa sauti laini mno, na jicho lake la kulia lilikuwa likimpima kama atapita kooni. Siwema akaelewa. Hukumu ikisomwa, kesi imefungwa. Kesi ikifungwa, hasikilizwi tena. Naye mayai yalikuwa yamemjaa tumboni na matete mapya ndiyo kwanza yanachungulia.

"Mheshimiwa," akasema haraka, "naomba ahirisho."

"Ahirisho! Umeshinda, unaomba ahirisho?"

"Kuna mashahidi wangu hawajasikilizwa. Si haki hukumu isomwe kabla hawajasema."

"Wako wapi?"

"Wako njiani, mheshimiwa. Lakini bado ni mayai. Wakitoka watakuwa viluwiluwi, na kiluwiluwi hana miguu, atasimamaje kizimbani? Naomba tungoje waote miguu."

Korongo akafikiri. Akatafuta sheria ya kumkatalia, hakuiona. Maahirisho mangapi alikuwa amempa Kifaru, kwa pembe, kwa mjomba, kwa jua? Akashusha mdomo.

"Na wakati huo wote?"

"Wakati huo wote, mheshimiwa, naomba zuio la muda. Mtu asijenge dimbwini, na mashahidi wasiliwe."

"Krrr! Zuio la muda!" Kasuku akameza kabla hakimu hajasema kitu, na kilichomezwa na Kasuku kilikuwa kimeshaingia.

Korongo akapumua kwa uchungu. Akamkamata samaki, akaondoka. Siwema akaogelea mpaka kwenye tete la kwanza, akalikumbatia, akataga.

Mashahidi wakaota miguu. Lakini siku waliyoitwa kizimbani walikuwa wameshataga na wao, na walikuwa na mashahidi wao wasio na miguu. Kesi ikaahirishwa. Na masika yaliyofuata ikaahirishwa tena.

Hapo shangazi akapepeta mchele, akasema:

"Mzigo nimeutua."

"Tumeupokea!"

"Na funzo lake mnalijua?"

"Hatulijui!"

"Funzo lake ni hili. Kwenda mahakamani ni kupoteza muda. Ukitaka kujenga, jenga upesi, jenga bondeni, na tangazo libandike juu kabisa ya mkuyu. Na vyura msiwasikilize, kazi yao ni kelele."

Mzee Kunambi alikuwa ametulia pembeni na kofia yake mkononi. Akauliza, "Kwa hiyo, dada Tausi, tarehe tuliyopewa hatuendi?"

"Nani amesema hatuendi?" shangazi akamjibu. "Uje na mwavuli."

Katika hao waliotajwa, hali iko hivi. Shangazi Tausi alifariki mwaka 2009. Mzee Kunambi alimfuata miaka michache baadaye. Mwavuli wake uko kwa Hamida, na Hamida yu hai. Kasuku alikufa uzeeni, neno lake la mwisho likiwa "inaahirishwa". Bwana Kifaru yu hai, anaishi mlimani, na akiulizwa kuhusu dimbwi husema halipo. Hakimu Korongo yu hai, lakini amekonda. Siwema naye yu hai. Mvua zikianza, pitieni upande wa bondeni, mtamsikia akiomba ahirisho.